Robo Kijiko cha Nje

Jana mchana, baada ya kula wali na mchicha, nilijilaza kwenye kochi nikaota paka wangu Karani ananiomba ruhusa.

Karani ni paka wa ndani. Nilimleta hapa Dodoma, ghorofa ya tatu, akiwa mdogo wa kuenea kwenye kikombe, ili amliwaze mama yangu, ambaye nilikuwa nimemtoa Tukuyu alipoanza kusumbuliwa na magoti. Mama alifariki mwezi wa tatu. Tangu hapo paka anashinda mlangoni, analia. Juzi nilimpigia simu daktari wa mifugo, akaniambia, "Mzoeshe nje kidogo kidogo, dada. Na kamba usiiachie." Basi.

Kwenye ndoto Karani halii. Amekaa mlangoni, mkia ameukunja vizuri, na anazungumza Kiswahili cha barua za ofisini.

"Tusajigwe, naomba kutoka nje. Hili ni ombi langu la mia nne na sita."

"Yale mengine sikuyapata," nasema.

"Uliyapata. Uliyajibu kwa dagaa."

Naona aibu. Nachukua ufunguo, nauingiza kitasani. Hauzunguki.

"Unajua jina langu?" ufunguo unauliza.

"Ufunguo."

"Limetokana na kufunga au kufungua?"

"Kufungua."

"Mwaka na nusu umenitumia kufungia. Ukienda kazini, kufunga. Ukienda sokoni, kufunga. Ukienda kanisani, kufunga, tena mara mbili."

"Na nikirudi?"

"Ukirudi ninafungua ili uingie wewe. Hiyo haihesabiki."

Bahati nzuri daktari wa mifugo alikuwa ameshafika, amekaa jikoni. Alikuwa mwavuli mweusi uliovaa koti jeupe. Alimtazama Karani meno, kisha akanitazama mimi meno, akaandika cheti: *Nje, robo kijiko, kutwa mara tatu, baada ya chakula.* Akanikabidhi chupa ndogo ya kahawia.

"Usizidishe," alisema. "Wakizidishiwa huwa wanakumbuka."

Namimina robo kijiko. Kunatoka harufu ya udongo uliolowa, jogoo mmoja, na watu wawili wanaosalimiana kwa mbali na hawana haraka ya kumaliza. Karani analamba. Anafumba macho.

"Ongeza," anasema.

"Dozi ni hiyo."

Bila hasira yoyote, Karani ananyoosha mguu na kuisukuma chupa kutoka mezani.

Nje yote inamwagika sakafuni. Inapita chini ya kabati, inaloweka zulia, inafika mlangoni, na mlango unafunguka wenyewe.

"Mimi sikuhusika," ufunguo unasema.

Nakumbuka habari ya kamba. Naishika haraka, lakini naona mkanda uko shingoni mwangu, na ncha ya kamba ameiuma Karani.

"Kidogo kidogo," ananiambia, na tunaanza kushuka.

Ghorofa ya pili, kwenye mlango wa jirani, kumeota mgomba. Ghorofa ya kwanza kunanyesha. Ngazi ya mwisho ni ya udongo, na tukiikanyaga tuko Tukuyu, uani kwetu.

Mama amekaa kwenye kigoda barazani, anamenya maharage mabichi. Maganda anayatupa miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefunga mlango?"

"Umefunguka wenyewe."

"Kumbe unafunguka."

Anaendelea kumenya. Mimi nimesimama mvuani na mkanda wangu shingoni.

"Nilikuwa naogopa utaanguka kwenye zile ngazi," nasema.

"Nilianguka?"

"Hapana, mama."

"Nilifia wapi, Tusajigwe?"

"Kwenye kochi."

Anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa anwani aliyokuwa ameisahau.

"Nilikuomba nje, ukaniletea televisheni. Nikakuomba tena, ukaniletea paka. Sasa na paka naye anaomba. Yeye utamletea nini?"

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, ningejua pa kujitetea. Ningemwambia magoti yake, ningemwambia magari ya mjini, ningemwambia nilikuwa nikitoka kazini nimechoka mno hata kumshika mkono ngazi moja. Yote niliyaandaa. Kinywa kikafunguka kikasema, "Nisamehe, mama."

"Haya maharage ni mengi," alisema.

Karani aliiachia kamba kidogo, akaikanyaga, akamrukia mapajani. Mikono ya mama ilisimama kwa mara ya kwanza. Alimpapasa nyuma ya masikio, akampa ganda moja achezee. Nilitaka nisogee. Nilisogea kweli, hatua mbili, kamba ikakaza. Ilikuwa fupi kuliko uani kwetu.

"Inatosha kwa leo," alisema Karani, ganda likiwa mdomoni.

"Ongeza," nilimwambia. "Tafadhali."

"Dozi ni hiyo."

Akanivuta. Mama hakuinua uso.

Niliamka saa tisa na nusu. Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo uko kwenye msumari wake, nondo za dirishani zote zipo. Kwenye televisheni mtu alikuwa akieleza namna ya kusafisha zulia. Karani alikuwa amelala kifuani pangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na alikuwa ameuma kitu cha kijani.

Nilikichomoa taratibu. Ganda la haragwe bichi, lina matone ya maji, na Dodoma haijaona mvua tangu mwezi wa nne. Lilikuwa limepasuliwa kwa ukucha wa kidole gumba, kuanzia mkiani, namna ambayo sijaona mtu mwingine akiifanya ila mama.

Nililifungua. Hakuniachia hata punje moja.