Meno ya Msabaha

Watu wa Bagamoyo wanayajua ya nyumba yangu kuliko mimi mwenyewe, basi leo nami niseme. Mume wangu Msabaha hakuwahi kuninyanyulia mkono. Aliniuma begani, ndiyo, na mimi ndiye niliyemwomba. Mara ya kwanza aliogopa, akauliza kama nina akili timamu. Nikamwambia ninayo tele, aume tu. Baadaye akazoea, naye akapenda, tukawa tunacheka wenyewe chumbani. Hatukumdhuru mtu.

Mwaka ule wa Azimio mdogo wangu Sihaba aliolewa. Wanawake tuko uani tunamsugua singo ngozi ing'ae, kanga zimetulegea, shangazi Biubwa akaiona alama ya meno begani mwangu. Hakuniuliza neno. Akaenda moja kwa moja kwa baba, na Ijumaa baada ya sala kikao kikawekwa nyumbani kwetu: baba, shangazi, baba mkwe kutoka Kaole, na Msabaha mkekani, kainamisha kichwa. Baba akasema hakumwoza mwanawe awe kitoweo. Talaka itoke siku hiyo hiyo.

Msabaha akajibu kwamba alipandwa na hasira, shetani akampitia, hatarudia. Uongo mtupu, wa kunisitiri mimi. Baba hakutaka kusikia. Nikaona ndoa yangu inakwenda hivi hivi, nami nimekaa pale kama gunia la nazi. Mficha uchi hazai, nikajiambia.

"Baba, Msabaha hajanidhulumu. Nilimwomba mwenyewe, kwa kuwa napenda."

Baba akanyanyuka, akaingia ndani bila kunitazama. Baba mkwe akatema mate, akatafuta viatu vyake. Ndipo Msabaha akainua uso.

"Ningebeba jina la mnyama mpaka kufa," akasema. "Lakini wewe umenivua nguo mbele ya baba yangu. Nimekuacha, Mwanamvua."

Nikahamia kwa shangazi, maana baba hakutaka kuniona machoni pake. Siku chache baadaye tulikuwa tunapeta mchele. Akaenda kufunga mlango wa uani, akarudi akaniketia karibu, akauliza kwa sauti ya chini: hivi inakuwaje hasa, mwanangu, raha yake iko wapi?

Nikamwambia angeniuliza hivyo siku ile ya singo, leo ningekuwa na mume.