Mguu Uliobaki Kazini

"Mimi tangu nizaliwe sijawahi kulia kwa maumivu," alisema mkata sabuni, akimenya kitunguu kibarazani. Akafikiri kidogo. "Ukiondoa jana. Na juzi, lakini juzi nililia kidogo tu."

"Juzi majirani walidhani tunachinja mbuzi, mama," alisema mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyekuwa akifunga kamba za buti aende kazini.

"Majirani wanapenda nyama."

Mkata sabuni alipoteza mguu wa kulia miezi minane iliyopita katika kiwanda cha sabuni. Humo parafujo kubwa la chuma huzunguka ndani ya mfereji wa sakafuni, likisukuma sabuni laini kuelekea kwenye visu. Zamani mfereji ulikuwa na kifuniko. Msimamizi alikiondoa, kwa sababu kukifungua kila sabuni ilipokwama kulipoteza dakika saba, akakipandisha juu ya matofali ofisini kwake, kikawa meza ya chai. Nyama na mifupa hospitali ilivizika. Mguu wenyewe ulibaki kazini, kando ya mfereji, hauonekani, ukikanyagwa na kila apitaye.

Ulipokanyagwa, habari za maumivu zilimfikia mwenyewe nyumbani, zikiletwa na wajumbe wawili. Wa kwanza alikuwa mwembamba, mwenye mbio, hata hodi hapigi: anachoma, anaondoka. Wa pili alifika baadaye, muda wa kumenya kitunguu kizima, mzee mnene anayekuja kwa miguu. Aliomba kiti na kukaa hadi alasiri. Mkata sabuni akisugua ugoko wa mguu uliobaki, au mkwe akimchekesha, mzee huyo alingoja nje ya mlango. Akimkuta peke yake na mawazo yake, aliingia na mizigo.

Wafanyakazi wa kiwandani walikuwa watu wa heshima. Mkwe alipowatajia saa na dakika ambazo mama alikanyagwa, walichora duara la chaki pale mguu ulipokaa, wakawa wanalizunguka. Msimamizi alimkanyaga mara moja tu, akatuma pole na kipande cha sabuni. Tangu siku hiyo aliliruka duara hata akiwa amebeba kikombe kilichojaa.

Mkwe alikuwa amepewa nafasi ya mkata sabuni hapo mferejini, maana buti la kushoto lilimtosha. La kulia alinunua.

Jumanne moja, saa tano kasoro, mkata sabuni alihisi kisigino kikiteleza juu ya vidole vyake, kikielekea upande wa mfereji. Mjumbe mwembamba alifika, lakini safari hii hakuchoma. Alisimama mlangoni akitetemeka. Mkata sabuni alikijua kisigino kile. Ndicho kilichomwamsha kila alfajiri kwa kugonga sakafu.

"Leo umeteleza," alimwambia mkwe jioni.

"Nani? Mimi? Wala."

"Umenikanyaga kidole gumba, mwanangu. Ukashika ukuta kwa mkono wa kushoto."

Mkwe alipakua chakula.

Kesho yake mkata sabuni aliiandikia barua ofisi ya usalama kazini. Aliomba kifuniko kirudishwe. Aliandika kwamba amechoka, hana tena nguvu za kumfundisha mkwe mwingine kupika.

Mkaguzi alikuja baada ya wiki tatu, na mkoba na muhuri. Asubuhi hiyo msimamizi alikuwa ameamuru chaki ifutwe, na meza ya chai akaitandikia kitambaa cha maua. Mkata sabuni naye alifika na magongo yake mawili, akasimama hatua nne kutoka mferejini.

"Ajali haikutokea hapa," msimamizi alisema. "Mama huyu alijikwaa kwake. Na mguu anaoutaja haupo, mzee. Tazama mwenyewe."

Mkaguzi alitazama. Sakafu ilikuwa safi.

"Nawe mama unasemaje?"

"Mimi sina la kusema, baba. Wewe kagua tu. Tembea popote upendapo." Kisha akayashika magongo kwa nguvu na kuuma meno.

Mkaguzi aliandika: *Hakuna mguu. Kifuniko si cha lazima.* Akaiegemeza karatasi ukutani, akapiga muhuri, akaitia mkobani. Halafu, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha na hakuwa na haraka, alianza kutembea kuelekea kwenye visu aone sabuni zinavyokatwa.

Mkono ukigusa sufuria ya moto huondoka kwanza, ndipo kichwa kinapewa taarifa. Mdomo wa msimamizi ulifanya vivyo hivyo.

"Angalia! Utamkanyaga mama!" alipiga kelele, na tayari alikuwa amemvuta mkaguzi kwa mkono wa koti.

Mkaguzi alibaki na kiatu kimoja hewani. Aliitazama sakafu tupu mbele yake, kisha akamtazama mama, aliyesimama mbali juu ya mguu wake mmoja.

"Nitamkanyaga nani?"

Kengele ililia. Mkwe aliruka mfereji, ambao ulikuwa wazi kama jana, akapazunguka mahali pale bila hata kutazama chini, akachukua koleo lake. Mkaguzi alikishusha kiatu pembeni, taratibu, akasema "Samahani" kuielekea sakafu, na kuukumbatia mkoba wake kifuani. Karatasi ilibaki humo humo.

"Nilikuwa nasema sabuni," alisema msimamizi. "Kuna sabuni hapo. Inateleza."

"Kumbe ni sabuni," alisema mkata sabuni. "Basi ikanyage wewe, baba, tuone."

Msimamizi hakuinua mguu.