Somo Lisilo na Alama

Hakuwa na jengo. Alikuwa na ghorofa ya kupanga juu ya duka la matairi. Hakuwa na maktaba ila makabati matatu, na moja halifungiki. Hakuwa na mfadhili wala gari, usingizi ulimpaa, na nywele zilikuwa zimeshamuaga. Kubwa zaidi, hakuwa na kibali. Mtaani walimwita Daktari kwa ile shahada yake ya juu, na wako majirani waliozidi kumletea watoto wenye kikohozi.

Alitaka kitu kimoja: chuo cha uzamili ambamo mwanafunzi atasoma vitabu vya wanazuoni wa Kiislamu mbele ya shehe, kama walivyosoma wa zamani, na papo hapo ajifunze utafiti kama wa vyuo vikuu. Kwa miaka Tume ya Vyuo ilimpiga danadana. Leo vyoo, kesho ngazi, keshokutwa madirisha. Sasa lilibaki jambo moja: mwalimu wa Hadithi za Mtume aweke sahihi kwenye fomu ya alama, na fomu ifike kabla ya juma kwisha.

Mwalimu huyo alikuwa baba mkwe wake.

"Baba, ni karatasi moja tu," Daktari alisema, ameketi jamvini kwa mzee, magoti yakimuuma. "Unakubali kutoa alama. Anayepata hamsini kwa mia kafaulu."

Mzee alivua miwani. "Kijana akisoma kitabu mbele yangu namsikiliza neno kwa neno mpaka mwisho. Akikosea anarudia. Akimaliza namwandikia ijaza, hati ya kwamba kasikia kwangu, nami nilisikia kwa mwalimu wangu, naye kwa wake. Sasa huyu wa hamsini, nusu iliyobaki kasikia kwa nani?"

Mke wa Daktari, aliyekuwa akimkunjia baba yake nguo, alicheka kwa pua. "Unahangaika bure, mume wangu. Mimi wa kumzaa mwenyewe alinirudisha ukurasa wa kwanza kwa irabu moja."

Ofisini kwake juu ya duka, karani wake alikuwa na dawa yake. "Asaini profesa fulani mstaafu. Mzee tumpe chumba cha nyuma, wageni wakija tunamtoa mbele."

"Yaani tumvike kilemba cha ukoka."

"Kilemba ni kilemba, Daktari. Sisi tunatafuta kibali."

Daktari hakuwa na nguvu za kubisha. Alisema watazungumza kesho.

Kesho yake asubuhi mzee alipanda ngazi mwenyewe, bintiye kamshika mkono, akafika juu akihema. "Huyu kaniambia huli, hulali," alisema. "Lete kalamu."

"Umekubali, Baba?"

"Sijakubali. Nitaweka sahihi. Wewe ni mwanangu, na umechoka. Wakianza kusoma, utaniambia tu nimwandikie nani ngapi."

Karani alikwisha kumsogezea kiti. Mzee aliinamia fomu, na Daktari akautazama mkono ule ulioshika kalamu juu ya karatasi. Tangu amjue, haukuwahi kuandika jambo ambalo masikio ya mwenyewe hayakulisikia. Leo ungeandika, kwa huruma tu.

Akaivuta fomu taratibu. "Basi, Baba."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaandika barua."

"Nyingine?" karani aliuliza, akakikalia kile kiti yeye.

Daktari aliandika kwamba mwalimu wa Hadithi ni huyu huyu, na somo lake halitakuwa na alama: mwanafunzi ama amekimaliza kitabu, ama bado. Kama Tume haiwezi kulipokea hivyo, basi iliweke kando ombi zima, naye atasubiri. Alijua kusubiri kulivyo. Wakaguzi wangerudi, na vyoo vingepimwa upya.

Alimsomea mzee. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka arudiwe tangu salamu.

Daktari akarudia. Halafu akailamba bahasha kwa ulimi mkavu, akaibandika stempu, akashuka polepole kwenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.