Sanduku la Treni za Mohdhar

Mohdhar alikuwa hajaona treni ya kweli hata siku moja alipopata ile ya kwanza ya bati. Alikuwa seremala, mzaliwa wa kisiwa cha Kudha katika ukoo wa waunda mashua, akahamia Kismayo na mkewe Mwanatumu wakati Wataliana walipokuwa wakijenga nyumba zao. Siku moja alikwenda kutengeneza kabati kwa sinyora mmoja wa Kitaliana, akarudi na kichwa cha treni cha kuchezea, kamani imekatika, gurudumu moja halipo. Mtoto wa yule mama alikuwa amekichoka.

Mwanatumu alicheka. "Na hii tutaila na nini?"

"Wewe ngoja tu."

Mohdhar alichonga gurudumu kwa pembe ya ng'ombe, akaiunga kamani, akatia ufunguo. Kile kichwa kikatambaa sakafuni kikivuma kama nyuki ndani ya kopo. Mwanatumu akapiga makofi. Miaka ya baadaye hilo ndilo lililomuuma: kwamba yeye mwenyewe alipiga makofi.

Tangu hapo mumewe hakupona. Mtaliana akifunga mizigo kurudi kwao, Mohdhar yuko mlangoni anaulizia vitu vya watoto. Mabaharia wa meli za ndizi wakamjua: mletee treni, atakuchongea sanduku la kujivunia. Akapata vichwa vyeusi na vyekundu, mabehewa ya abiria yenye vidirisha vilivyochorwa nyuso za watu, reli za kupinda na za kunyooka. Alizisugua kwa mafuta, akazifunga moja moja kwa kitambaa. Chumba cha ndani kikawa cha treni.

Bi Kaltuma, mamake Mwanatumu, alipofiwa na mumewe huko kisiwani Fuma, alikuja kukaa nao. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia. Akatandikiwa ukumbini, palipopita upepo.

"Mama anakohoa," Mwanatumu akamwambia mumewe. "Mpe chumba."

"Chumba kina reli."

"Reli zinakohoa?"

Mohdhar akacheka, kana kwamba ametaniwa.

Ndipo vita vikaja. Manowari za Waingereza zikaanza kupiga mizinga kutoka baharini, Wataliana wakawa wanaondoka na magari yao, na watu wa mji wakakimbilia visiwani au bara. Hussein, nahodha wa Kudha aliyekuwa rafiki wa Mohdhar, alikubali kuwachukua. Mwanatumu alimbeba binti yao Arafa mgongoni, akamshika mamake mkono, wakatembea taratibu hadi pwani. Walipofika, mashua ilikuwa imejaa watu, na katikati, karibu na Mohdhar aliyetangulia, limekaa sanduku la mvule la treni, alilolijua vizuri.

Hussein alitazama maji yalivyokaribia ukingo wa mashua. "Mohdhar, itazama hii. Mchu mmoja ashuke, au sanduku lishuke. Chagua."

Mohdhar hakumtazama mkewe. Alimwinamia Bi Kaltuma, akasema kwa sauti ya upole, "Mama, Omar yuaja nyuma yetu na chombo chake. Kina nafasi, utakaa vizuri kuliko hapa. Nimekwisha kumwambia."

"Basi nami nitamngoja Omar pamoja naye," Mwanatumu akasema.

"Nenda na mtoto, mwanangu," mamake akamjibu. "Mkwe wangu huyu hawezi kunidanganya."

Mzinga ukalia upande wa bandari. Arafa akapiga ukelele, na Mohdhar akamvuta Mwanatumu ndani ya mashua. Mwanatumu alipogeuka alimwona mamake amekaa juu ya mchanga, furushi la nguo mapajani, uso ameuelekeza upande usio wa mashua.

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanatumu walipofika Kudha ni chombo cha Omar. Kilikuwa juu ya mchanga, kimelazwa ubavu, mbao mbili zimetolewa, na Omar mwenyewe amechutama akikitia kalafati. Kilikuwa hapo tangu kabla ya mizinga.

Alimwangukia Hussein miguuni ampeleke Kismayo. Hussein alilia, lakini bahari ilikuwa na manowari na hakuna aliyethubutu. Bunduki ziliponyamaza, Mwanatumu alirudi, akaambiwa na jirani yao Barke. Bi Kaltuma alikaa pwani juani kutwa. Watu walimsihi aingie ndani, akakataa, akisema chombo chake kinakuja, hakitamwona. Barke alimburuta hadi nyumbani akiwa hajitambui. Homa ilimmaliza. Alizikwa kwa haraka pamoja na maiti wengine, na Barke hakuweza kuonyesha ni kaburi lipi.

Mohdhar alipoyasikia hayo aliinamisha kichwa. "Ajali yake aliyoandikiwa ilifika."

"Ilifika ikamkuta pwani. Nani alimwacha pwani?"

"Ningalifanya nini? Vile vitu vya miaka yote..." Neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Mwanatumu aliomba talaka. Mohdhar akakataa. Wazee walimwendea, akawajibu mlango wake uko wazi, mke arudi wakati wowote. Basi Mwanatumu akamchukua Arafa akaenda Fuma, akasuka mikeka na kukausha samaki, si mjane wala mwenye mume.

Miaka ikapita. Waingereza wakaondoka, Wataliana wakarudi, na habari za Mohdhar zilifika kisiwani kutoka Kismayo: sasa ana vyumba viwili vya treni. Kisha mchana mmoja akatokea mwenyewe barazani kwa Mwanatumu, mvi kichwani, midomo imekauka kwa safari.

"Nimetoka Mogadishu," akasema. "Nilikwenda kuiona treni ya kweli. Umri wote huu nilijiambia nitakwenda. Haipo, Mwanatumu. Reli iling'olewa siku za vita, hata kipande hakikubaki. Sikuiona." Akaanza kulia, mabega yanatikisika.

Mwanatumu akamtazama mpaka akafahamu kwamba mtu huyu amevuka bahari ili aje kutulizwa.

"Mama ulimlilia hivi?"

Mohdhar akapangusa uso. "Usinirudishe huko."

Mwanatumu akamletea maji kwa kuwa ni msafiri, akaingia ndani, akatia komeo.

Mwaka uliofuata Nasrudin, nduguye Mohdhar, alileta habari kwamba amekufa. Mwanatumu alikuwa bado mkewe, kwa hiyo akaingia eda. Wanawake wa Fuma walijaa ukumbini kumpa pole. Wakamwambia mumewe alikuwa mtu wa pekee, miaka yote hiyo hakuoa mwingine juu yake.

"Naam," akajibu. "Hakuoa."

Mwanaharusi, shoga yake wa tangu utoto, alimnong'oneza: kwa nini ujifungie ndani kwa ajili ya mtu yule?

"Hii ni haki ya Mungu. Si yake."

Aliikalia eda hadi mwisho wake, na hakudondosha chozi. Wale wanawake waliporudi majumbani kwao walisema maskini, msiba umemwelemea.