Nyumba Iliyokaa Kizuizini

Theopista alikuwa anaanika mihogo siku nyumba ya jirani yake Restituta iliponyanyuka, ikajikung'uta vumbi na kushika njia ya mpakani. Restituta aliifuata na kuku wawili na mwiko.

"Tunahama, mwenzangu," alisema. "Kodi ya kichwa imepanda tena. Wenzetu wa wilaya ya pili wanatoza nusu."

"Haya, mfike salama," Theopista alijibu, akaendelea kugeuza mihogo.

Hiyo haikuwa nyumba ya kwanza kuondoka. Mgambo walikuwa wakikamata wanaume kama kuku wa kitoweo, na Salvatori, mumewe Theopista, alilala porini msimu mzima kwa kukosa risiti ya kodi. Mama mkwe, bibi Pudensiana, hakuona ajabu yoyote.

"Watu wamechoka, kwa nini nyumba zisichoke?" alisema.

Nyumba yao iliondoka wakati wa palizi, Theopista akiwa shambani. Alirudi akakuta kiwanja kitupu na michirizi ya kuta kwenye vumbi. Aliifuata michirizi hadi ng'ambo ya mpaka, akaikuta nyumba imekaa juu ya kokoto, jiko likiwa uani kama zamani, na Salvatori kitandani anakoroma. Loo, alifurahi! Hata machozi yalimtoka.

Lakini shamba halina miguu. Lilibaki upande wa zamani, njia ya kwenda Magamba, na huku kwenye kokoto hakukuota kitu. Basi kila jioni Theopista alibeba mahindi kuvuka mpaka, na mpakani kulikuwa na kizuizi cha gogo. Mlinzi wake alikuwa Fabiani, mdogo wake Salvatori, tumbo moja.

"Shemeji, umebeba nini?"

"Si unaona?"

"Naona, ila lazima niulize." Kisha alichota ushuru wa mazao, na mkono wake haukuwa mwepesi. Kufika kiangazi watoto walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na yule mdogo akaanza kulamba chungu.

Theopista alishika ukuta wa nyumba akaiambia, "Turudi, mama. Huku tunalala, lakini hatuli."

"Na mimi je?" Salvatori aliuliza. "Nirudi porini?"

Jumapili, baada ya ibada, nyumba ilinyanyuka, bibi Pudensiana akiwa ndani anamenya karanga. Ilikwenda polepole, magoti hayana nguvu tena. Jiko lilifuata nyuma. Nyumba ilipovuka mpaka, Fabiani akashusha gogo mbele ya jiko.

"Miti, fito, nyasi," alisema. "Hayo ni mazao ya misitu, yana ushuru."

"Fabiani, wewe umezaliwa ndani ya nyumba hii!" bibi alifoka dirishani.

"Najua, mama. Mimi natumwa tu."

Nyumba ikakaa chini palepale. Waliisukuma, wakaibembeleza, wapi! Jiko nalo likakaa upande wake wa gogo. Mwenye nguvu mpishe, bibi alisema, akaendelea na karanga zake.

Mpaka leo wanaishi hivyo. Theopista na watoto wanalala nyumbani, karibu na shamba. Salvatori analala jikoni, ng'ambo, kwenye kodi nafuu, na asubuhi mkewe humsalimia kwa kuinama juu ya gogo. Halmashauri zote mbili zimeshawahesabu. Mahindi yakivuka kwenda jikoni yanakatwa ushuru. Yakirudi ugali yanakatwa tena.

Jioni Theopista, akitoka kupika jikoni, husimama kizuizini na sufuria, kafunua mfuniko mwenyewe kabla hajaulizwa. Watoto wameshanawa, wamekaa wanamtazama baba yao mdogo.

"Leo ugali mdogo, shemeji," Fabiani alisema jana.

"Ndio uliobakisha."

Fabiani akamega tonge lake, akainua gogo.