Kizimba Chini ya Kobe

Mektilda alilitambua lile begi kabla hata hajaitikia salamu ya fundi. Lilikuwa limening'inia kwenye msumari ukutani, pale gereji Ilala, rangi yake damu ya mzee, bizimu yake ya shaba, limechubuka mpaka kitambaa cha ndani kinaonekana, na limejazwa spana. Mabegi ya aina ile Kariakoo nzima yaliletwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa yeye. Aliyapanga dukani kwake Mtaa wa Kongo, akayapulizia dawa yenye harufu ya ngozi, akawaapia wateja kwa jina la marehemu mama yake kwamba plastiki ile ni ngozi tupu. Yalikwisha haraka kuliko mzigo wowote wa mwaka ule.

Kwa hiyo huyu mtu ananijua, akawaza. Na kama ananijua, leo nimejileta mwenyewe.

Angegeuza gari akaondoka, ila hakuwa na pa kwenda. Mafundi wengine wote walishahamia kwenye magari ya Kijapani. Ukiwaonyesha injini iliyokaa nyuma wanacheka kwanza. Khalfani, fundi huyu, ndiye aliyebaki mjini mwenye mkono wa kobe, zile Volkswagen za mgongo duara. Na huyo kobe, Volkswagen ya buluu iliyopauka, alikuwa wa baba yake Mektilda, Mzee Rogath, aliyemnunua enzi anafanya kazi bandarini na Mektilda bado hajaanza shule. Kila Desemba mzee alipanda naye Kilimanjaro, watoto nyuma, ndizi juu ya keria ya paa wakati wa kurudi.

Sasa mzee alikuwa ametoka hospitali, amelala kwenye fleti ya Mektilda, Upanga, amebaki mifupa na kofia. Madaktari walisema maneno ya upole, na Mektilda, ambaye upole wa maneno ndiyo biashara yake, aliyaelewa vizuri sana. Mzee aliomba kitu kimoja: Krismasi hii apande nyumbani ndani ya kobe wake. Basi la abiria hakulitaka, gari la kuazima hakulitaka. Mara ya mwisho walipojaribu safari, oili ilipata moto mlimani, taa nyekundu ikawaka, wakarudi Dar juu ya lori wakiwa wamenuna. Mektilda alimwahidi kwamba safari hii watafika. Hakuwa na uhakika kama kutakuwa na safari nyingine.

Khalfani alimweleza taratibu, huku anajifuta mikono. Injini ya kobe haina maji. Inapozwa na upepo na oili. Ukiibebesha watu na mizigo ukaipandisha milima kwenye jua, oili inakuwa nyepesi kama chai na haishiki tena vyuma. Dawa ni kuiongezea rejeta ndogo ya oili, ifungwe chini kwa nyuma mahali upepo unapopita. Maelezo yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi Mektilda. Yeye mwenyewe alikuwa na maelezo mazuri ya kila begi.

Walikwenda pamoja mtaa wa Gerezani, kwenye duka la spea la Jovin, maana Mektilda alikataa katakata fundi aende peke yake. Jovin akaweka rejeta mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa mpya, inang'aa kama sahani za harusi, imebandikwa stika za Kijerumani. Ya pili ilikuwa mtumba uliotoka kwenye kontena la Japani, nyeusi, imebonyea pembeni, haina hata jina. Khalfani aliishika ile mpya, akaitazama kwenye mwanga, akapuliza kwa mdomo tundu moja na kuweka kiganja upande wa pili, kisha akairudisha. Alisema hiyo ni pambo. Ndani ina njia mbili nyembamba tu, oili itapita kwa shida na pampu itaumia. Akachukua ile mbaya.

Mektilda alitabasamu kwa pembeni. Mambo ya stika hakuwa na haja ya kufundishwa. Alikuwa na rola zima la stika za Kiitaliano stoo kwake. Lakini mchezo huu nao aliujua, kwa kuwa ni wake. Mteja akiingia anasitasita, unamwonyesha begi baya, unamwambia kwa huruma, hili dada sikuuzii, hili feki. Ukishamwambia hivyo amekwisha. Utakalomshikisha baada ya hapo atalibusu. Sasa na yeye anashikishwa mtumba uliobonyea, na Jovin na fundi hata hawatazamani machoni, kama watu waliokwisha kuyamaliza yao jana.

Hata hivyo aliichukua, maana angefanyaje. Ila kabla haijafungwa aliomba aishike kidogo, akageukia ukutani, na kwa ncha ya ufunguo akakwaruza herufi mbili kwenye ukingo wake: M.R. Wakija kumbadilishia, atajua.

Kazi ya kufunga ilichukua siku nzima, na siku nzima Mektilda alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkoba mapajani, haondoi macho. Duka alimwachia msaidizi wake. Wanaoacha magari gereji wakaenda kunywa chai ndio wanaorudishiwa betri za watu wengine. Adhuhuri Khalfani alipokwenda kuswali, yeye alifungua boneti ya nyuma na kuchomoa rota, kile kidude kidogo cha kwenye distribyuta ambacho bila hicho gari haliwaki, akakitumbukiza ndani ya mkoba, kama baba yake alivyomfundisha, mtu asije akaliwasha. Fundi alipoonekana anarudi, alikuwa ameshakirudisha mahali pake.

Khalfani aliifunga rejeta juu kidogo ya giaboksi, akaiegemeza kwenye vipande vya mpira ili mtikisiko usiipasue, akaiachia nafasi juu na chini, akaweka na feni ndogo ya kuivutia hewa gari linapokwama kwenye foleni. Mipira ya oili aliipitisha mbali na ekzosi. Akamwita Mektilda aje alale chini ya gari aone. Mektilda alilala juu ya boksi, gauni lake na yote, akatazama juu. Alichokiona ni bolti nne zilizokaa uchi.

"Na mwizi?" aliuliza.

"Mwizi gani, mama?"

"Anayelala hapa nilipolala mimi akiwa na spana moja."

Khalfani alicheka, akasema rejeta ya kobe hakuna anayeitaka mjini hapa. Mektilda hakucheka. Kariakoo watu wanang'olewa vioo vya pembeni wakiwa wamekaa ndani ya gari, kisha wanaelekezwa kwa upole mahali pa kwenda kuvinunua tena. Akajiambia, kumbe hapa ndipo atakaponilipizia lile begi. Ataifunga leo, ataifungua keshokutwa, na Jovin ataniuzia tena.

Siku ya pili yake, bila kumwambia mtu, alipeleka gari Magomeni kwa Lucky, fundi wa kuchomelea, yule aliyemwekea grili za dukani na vizimba vya taa za mbele. Alitaka kizimba cha rejeta. Lucky alipendekeza nondo nyembamba. Mektilda akasema nondo zinakatwa, anataka bati nene, juu na chini, namba ya gari igongwe juu yake. Lucky akauliza kuhusu hewa. Akajibiwa atoboe matundu. Alitoboa machache, maana bati lilikuwa gumu na mama alikuwa anamwangalia. Mektilda alirudi Upanga roho imetulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jumamosi mzee alisema lazima naye awemo kwenye majaribio. Akavalishwa koti, akawekwa mbele, kofia magotini, wakashika njia ya Magomeni kuelekea Kimara, ambako kuna mwinuko wa kutosha kumpima kobe. Mzee alikuwa na furaha ya kitoto. Aliipigapiga dashibodi, akasema injini inaimba. Walipofika Ubungo akaacha kuipiga, akawa anasikiliza. Katikati ya mwinuko wa Kimara akainua pua.

"Linanuka," alisema. "Simamisha."

Taa nyekundu ilikuwa inawaka na kuzimika. Mektilda aliegesha pembeni na kuzima. Mzee alirudisha kofia kichwani, akatazama mbele, akasema labda Mungu ameona njia ni ndefu kwake. Mektilda akamchukia Khalfani kwa moyo wake wote.

Walingoja gari lipoe, wakarudi mwendo wa maharusi hadi Ilala. Mektilda aliteremka, na mbele ya wateja waliokuwa wamekaa gereji akasema yote. Kwamba fundi amembadilishia rejeta. Kwamba anamjua yeye ni nani na amelipiza kisasi, na kisasi chenyewe amemlipiza mzee mgonjwa ambaye hakumkosea kitu. Wateja waliinamia simu zao. Khalfani alimsikiliza hadi mwisho, akamwendea mzee dirishani, akampa shikamoo, kisha akalala chini ya gari.

Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na masizi usoni na sura ya mtu asiyejua aanzie wapi.

"Mama, nani ameifungia hii?"

"Mimi. Isiibwe."

"Sawa, isiibwe. Lakini haipumui. Umeiweka rejeta ndani ya sufuria ukaifunika."

Khalfani alichukua grainda, akaingia tena chini, cheche zikaruka, na bati la Lucky likaanguka sakafuni likiwa na namba ya gari. Akamwambia aje alale aone. Mektilda alilala juu ya boksi lile lile. Rejeta ilikuwa pale pale, nyeusi, imebonyea vile vile, na ukingoni, safi kabisa, M.R. Alizitazama zile herufi zake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka kutoka akaonane na watu.

Alipotoka, Khalfani alisema injini haijafa, mzee amewahi kuinusa. Ila oili imeungua, imwagwe yote, gari lilale hapa, na kesho jua likiwa kali yeye mwenyewe alipandishe Kimara mara kadhaa. Taa isipowaka, Jumatatu wasafiri. Gari la Mzee Rogath halikuwahi kulala gereji hata mara moja, na wakati fundi anaosha mikono, Mektilda alishaichomoa rota na kuitia mkobani. Mkono ulifanya wenyewe.

Macho yake yalikwenda tena kwenye ule msumari.

"Hilo begi umelipata wapi?" aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo.

Khalfani aliligeukia akaona haya, kama mtu aliyekutwa na kosa.

"La mke wangu hilo, Sitara. Ngozi halisi, alilinunua Kariakoo kwa mama mmoja, anamsifu mpaka leo. Mimi nikalibebea spana siku moja tu, grisi ikalichubua. Hajanisamehe. Kila tukigombana linatajwa."

Mektilda alisubiri jicho la kejeli, au kicheko, au chochote ambacho angeweza kukikasirikia. Hakikuja. Mtu yule alikuwa anajutia begi kwa dhati. Hakumjua yeye ni nani, hakuwahi kumjua, na nyumbani kwake kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimlaumu mume kwa sababu ya kiapo cha Mektilda. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni, nzito kuliko ile ya zile herufi.

"Mwambie mkeo grisi haina kosa," alisema. "Mwambie aje Mtaa wa Kongo, amuulizie Mama Mektilda. Mwambie aje na begi lenyewe."

Khalfani alimtazama, akalitazama begi, kisha akamtazama tena. Alielewa polepole. Mektilda akafungua mkoba wake, akatoa rota na kumwekea kiganjani pamoja na ufunguo.

Walirudi Upanga kwa bajaji, mzee amejikunja pembeni yake, kofia imemfunika macho. Karibu na kituo cha Fire akauliza kama kweli amemwachia yule kijana gari.

"Nimemwachia, Baba."

"Na rota?"

"Na rota."

Mzee akamwambia dereva wa bajaji kwamba Jumatatu anakwenda nyumbani.