Blanketi la Mara Mbili

Mjukuu wangu alipochaguliwa kwenda shule ya bweni, hakuniomba sanduku wala viatu. Alileta kiblanketi cha njano nilichomfumia alipozaliwa, chenye ua la bluu pembeni.

"Bibi, nataka kama hiki, ila mara mbili. Urefu mara mbili, upana mara mbili, na ua pia."

Kiblanketi kilikula madonge manne ya uzi, basi nikanunua manane, yote yaliyokuwa dukani. Darasa la saba nilimaliza, hesabu hiyo sikuiogopa.

Nikafuma. Vidole vyangu siku hizi vinakakamaa kama mpini wa jembe, nafuma mistari miwili, nakaa navisugua. Mchana, siku moja kabla ya safari yake, donge la nane likaisha. Upana ulikuwa umetimia. Urefu ulikuwa nusu.

"Umefuma kwa kubana, Bibi."

"Kubana ndiko kunakomaliza uzi? Labda muuzaji kanipunja."

"Muuzaji wa watu muache."

Akatandika kazi yangu sakafuni, akaweka kiblanketi juu yake. Kikafunika upande mmoja. Akakisogeza, kikafunika upande wa pili, kazi yangu yote ikaishia hapo. Akakishusha kwenye saruji tupu, mara moja, kisha tena. Akakaa chini.

"Bibi, vinaingia vinne."

"Vinne vya nini?"

"Hili ndilo swali nililokosa kwenye mtihani. Ukikuza umbo mara mbili, pande zinakuwa mara mbili. Mimi nikaandika na eneo ni mara mbili. Kumbe linakua kwa urefu, halafu linakua tena kwa upana."

"Kwa hiyo madonge yalitakiwa kumi na sita."

"Kumi na sita."

"Si ungesema mapema, mama."

"Na mimi nimeelewa sasa hivi."

Nilitaka kulia, nikaona hata kulia ni kazi.

"Pumzika, Bibi. Nitakwenda na nusu hii."

"Nusu itafunika nini? Kifua kikipata joto, miguu italalamika mpaka asubuhi."

Nikachukua sindano, nikakishona kiblanketi chini ya ile nusu. Ua dogo likakaa chini ya ua kubwa, umbo lile lile, kama mtoto na mama yake. Robo ya mwisho ikabaki wazi.

Akajilaza sakafuni kulijaribu. Mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Ukunje huo," nikamwambia.

"Nikijigeuza?"

"Usijigeuze."

Akacheka, mimi nikaegemea ukuta, macho yakijifumba yenyewe. Nikamsikia analikunja blanketi taratibu, pembe kwa pembe, na lile pengo likimsumbua kulikunja.

"Bado madonge manne tu, Bibi. Hata yasipokuwa ya njano. Nikija likizo."

"Ukija," nikasema, "uje na vidole vyako."